Miti 38 ya Mtaa Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Kukata na Kupanda Upya

Tawi lilianguka usiku ambao upepo ulikuwa wa kawaida tu, likaziba njia ya waenda kwa miguu na kuvunja uzio wa nyumba moja. Hakuna aliyeumia. Asubuhi wakazi walipokusanyika kulitazama, waliona kwamba pale lilipobandukia ndani palikuwa pa rangi ya kahawia na pakavu, pamepasuka vipande vidogo vya mraba vilivyosagika mtu alipovifinya kwa vidole, na kwamba kilichokuwa kimelishikilia tawi hilo muda wote ni ukanda wa ubao hai usiozidi upana wa kiganja. Kabla jua halijapanda, shauri lilikuwa limeshatoka kwenye tawi moja na kuwa shauri la miti yote ya mtaa.

Mtaa wenyewe hautajwi jina, kwa sababu ni kisa kilichopangwa kwa makusudi ya uchambuzi kutokana na mambo yanayojirudia katika jumuiya ndogo zenye miti ya barabarani iliyozeeka, na hesabu za miti yake ni za kisa hiki peke yake. Una miti 38, mistari miwili inayotazamana, na yote ni ya aina moja, ilipandwa msimu mmoja zaidi ya miaka 60 iliyopita, kila mti umbali wa mita nane kutoka kwa jirani yake. Waliopanda walikuwa na nia njema na jicho zuri, maana mstari wa miti inayofanana na kulingana kimo unapendeza kuliko mchanganyiko. Ila miti iliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja, na mtaa uliokaa miongo sita bila kuhitaji kuamua lolote ukajikuta unatakiwa kuamua yote katika mwaka mmoja.

Kamati ya mtaa ilikutana wiki hiyohiyo na kufikia uamuzi uliopokelewa kwa makofi: miti yote ikatwe kwa awamu moja, na kwa kila mti utakaokatwa ipandwe miche miwili. Hoja zilizotolewa zilikuwa nne, nazo ni usalama, njia ya miguu iliyoinuliwa na mizizi, majani yanayoziba mifereji, na gharama ya kuita mafundi mara moja badala ya mara nyingi. Hoja ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, ingawa ilisemwa kwa sauti ya chini kuliko nyingine. Siku tatu baadaye alama nyekundu zilipakwa kwenye mashina yote 38, na hapo ndipo waliokuwa hawakuhudhuria mkutano walipojua kwamba kuna jambo limeamuliwa.

Kosa hili la kupaka rangi kabla ya kueleza linaonekana dogo, lakini mahali pengine limegharimu sana. Jiji la Sheffield nchini Uingereza liliingia mwaka 2012 katika mkataba wa miaka 25 wa kutengeneza barabara zake, ambao ndani yake mlikuwa na mpango wa kuondoa na kubadilisha miti 17,500 ya barabarani, karibu nusu ya miti yote ya aina hiyo mjini humo. Novemba 2016 mafundi walifika Rustlings Road kabla ya mapambazuko, wakiwa na polisi, na wakazi waliojaribu kuwazuia walikamatwa, wakiwemo wanawake wawili wa umri wa miaka ya sabini. Ukataji ulisimamishwa mwaka 2018, na ripoti ya uchunguzi huru iliyotoka Machi 2023 chini ya Mark Lowcock ililaumu vikali namna halmashauri ilivyoendesha jambo hilo na kutosema ukweli kwa watu wake. Jumuiya ndogo haina polisi wa kuita alfajiri wala mkataba wa miaka 25, lakini ina kitu ambacho jiji halina, yaani kila mtu anamfahamu aliyepaka ile rangi.

Katika mtaa wa kisa chetu, malalamiko yaliifanya kamati isimamishe kazi kwa miezi miwili na kumwita mtaalamu wa miti akague mti mmoja mmoja. Sehemu hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu.

Mtaalamu hakuanza na miti. Alianza kwa kutembea mtaani akitazama chini, kuona nani anapita wapi na saa ngapi, kwa sababu hatari ya mti haipimwi kwa ubovu wake tu. Wanaofanya kazi hii hujiuliza mambo matatu kwa pamoja: uwezekano wa sehemu fulani kuvunjika, uwezekano wa kumfikia mtu au mali, na ukubwa wa madhara ikifikia. Mti mbovu unaoegemea kiwanja kitupu unaweza kusubiri, lakini mti wenye dosari ndogo tu juu ya benchi linalokaliwa kutwa unatakiwa kushughulikiwa mapema. Ikumbukwe pia kwamba hatari yenyewe kwa jumla si kubwa kama woga wake. Nchini Uingereza, ambako hesabu hizi zimefuatiliwa kwa muda mrefu, uwezekano wa mtu kuuawa na mti au tawi linaloanguka unakadiriwa kuwa takribani mmoja kati ya milioni 10 kwa mwaka. Kwa kadirio hilo, kukata miti 38 kwa sababu ya tawi moja ni dawa kubwa kuliko ugonjwa. Hata hivyo halimpi mtu ruhusa ya kuuacha mti ambao dosari yake imeshaonekana kwa macho.

Kisha aligonga mashina kwa nyundo ya mbao, akizunguka kila mti tangu usawa wa ardhi hadi mkono unapofika. Shina zima hutoa sauti kavu na fupi, na lenye uwazi ndani huitika kama ngoma. Watoto waliomfuata waliipata tofauti hiyo baada ya mti wa tatu, wakawa wanamtangulia kutabiri. Kati ya miti 38, miti 21 iliitika kwa namna moja au nyingine, na kama uchunguzi ungeishia hapo, wanakamati waliotaka kukata yote wangekuwa wamepata ushahidi wao.

Uwazi ndani ya shina, hata hivyo, si hukumu. Ubao wa katikati ya mti mkubwa haubebi maji wala chakula, na kwa nguvu ya kusimama shina ni kama bomba, kwamba linalolishikilia hasa ni ukuta wa nje. Mtafiti Mjerumani Claus Mattheck alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika na kubishaniwa: ukuta mzima uliobaki ukipungua chini ya karibu theluthi moja ya nusu-kipenyo cha shina, uwezekano wa kuvunjika unapanda. Kwa shina lenye nusu-kipenyo cha sentimita 30, maana yake ni ukuta wa sentimita kama 10. Mtaalamu alitoboa miti yenye mashaka kwa kekee nyembamba inayorekodi ukinzani wa ubao kadiri inavyoingia, na miti 11 kati ya ile 21 ikaonekana ina ukuta wa kutosha pande zote. Miti hiyo ilikuwa mitupu ndani na imara nje, kama ilivyo miti mingi mizee duniani.

Ilibaki miti 10, na hapo hadithi ilikuwa tofauti. Minne ilikuwa na kuvu ngumu ya aina ya Ganoderma, iliyoota chinichini mwa shina kama vibao vya rafu, kahawia juu na nyeupe chini, na kuvu hiyo hula sehemu ileile inayotia nanga mti ardhini. Mwavuli wa majani unaweza kubaki kijani kibichi kabisa huku nanga ikiwa imekwisha. Sita mingine ilikuwa na uozo ulioshuka kutoka juu, na chanzo chake kilikuwa ni watu. Miaka mingi nyuma matawi makuu ya miti yote yalikatwa kichwa, kwa mkato wa kunyoosha tu, ili kuacha nafasi ya nyaya. Mti haujui kuponya jeraha kama ngozi inavyopona, bali hujenga kuta ndani yake kulizungushia lile eneo lililoharibika, kisha huota ubao mpya nje ya kuta hizo, jambo ambalo mtafiti wa miti Mmarekani Alex Shigo alitumia maisha yake ya kazi kulieleza. Mkato mkubwa katikati ya tawi huzidi uwezo wa kuta hizo, uozo hushuka, na machipukizi yanayoota kando ya kidonda huwa yameshikwa na ubao wa juujuu tu. Tawi lililoanguka usiku ule lilikuwa chipukizi la namna hiyo, lililonenepa kwa miaka mingi juu ya kidonda kilichokuwa kinaoza chini yake.

Kulikuwa na fumbo jingine ambalo kekee haikuweza kulijibu. Miti ya mstari wa kaskazini ilikuwa na vilele vikavu kuliko ya kusini, ingawa udongo ni mmoja na mvua ni moja. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa barazani akimwangalia mtaalamu akigonga alimwita.

"Mwanangu, hiyo unayoigonga inakufa kwa chini. Wakati wa kulaza bomba la maji walichimba mtaro upande huu wote, mizizi wakaikata kwa mashoka. Ilikaa hapa rundo wiki nzima."

"Bibi, huo mtaro ulipita umbali gani na mashina?"

Bibi alinyanyuka, akashuka barazani, akasimama penyewe. Ilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwenye shina.

Maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko kipimo chochote cha siku ile. Wengi hudhani mizizi ya mti hushuka chini kama picha ya mti iliyogeuzwa, lakini sehemu kubwa ya mizizi hukaa ndani ya mita moja ya juu ya udongo na kutambaa mbali kupita ncha za matawi. Mtaro unaopita hatua moja na nusu kutoka kwenye shina unaweza kuuondolea mti karibu nusu ya mizizi yake kwa alasiri moja, na matokeo yake huchukua miaka kujitokeza juu, kwa hiyo aliyechimba halaumiwi kamwe. Mti hufa pole pole na kuitwa mzee. Miti saba ya mstari wa kaskazini ilihamishwa kutoka kundi la "imezeeka" hadi kundi la "ilikatwa mizizi", na tofauti hiyo si ya maneno tu. Mti uliojeruhiwa lakini wenye shina zima unaweza kupunguziwa matawi makavu, kuwekewa matandazo na maji, ukaishi miaka mingi, mradi bomba hilo lisichimbuliwe tena kwa mtindo uleule.

Ripoti ilipofika kwenye kamati ilikuwa na majedwali matatu. Miti 10 iondolewe ndani ya mwaka mmoja, miti 14 ipogolewe na kukaguliwa kila mwaka kwa matarajio ya kuondolewa kwa awamu katika miaka 15 ijayo, na miti 14 haina tatizo lolote la kuizuia kuendelea. Wajumbe wawili walipinga kwa hoja ya fedha. Kwa mtazamo wangu hoja yao haikuwa ya kijinga, kwa sababu kumleta fundi na mashine mara tano ni ghali kuliko kumleta mara moja. Walichokosa kuhesabu ni kwamba waliopanda kila kitu siku moja ndio waliosababisha bili ije siku moja, na kwamba kukata yote na kupanda yote ni kuwarithisha wajukuu mkutano uleule.

Ile ahadi ya miche miwili kwa mti mmoja nayo ilihitaji kupigiwa hesabu. Mti mkubwa wa mtaa huu una mwavuli wa matawi wenye kipenyo cha mita 12 hivi, yaani kivuli cha mita za mraba 113 jua likiwa utosini. Mche unaotoka kitaluni na kupandwa barabarani una mwavuli wa mita moja na nusu, ambao ni mita za mraba zisizofika mbili. Kwa kivuli, mti mmoja wa zamani ni sawa na miche 64 siku ya kupandwa. Anayesema "miwili kwa mmoja" anahesabu mashina, na shina si kitu ambacho mtu anakitafuta kwenye mti wa barabarani. Kivuli ndicho kinachopoza lami, majani ndiyo yanayokinga mvua isishuke yote kwa mkupuo kwenye mifereji, na vyote viwili hufuata ukubwa wa mwavuli. Isitoshe, miche 76 kwenye mtaa wenye nafasi 38 ingemaanisha mita nne kati ya mti na mti, na baada ya miaka 20 nusu yake ingetakiwa kukatwa tena ili mingine ipumue.

Kamati ikaachana na ahadi hiyo na kuandika nyingine isiyovutia masikioni: mche mmoja kwa kila nafasi itakayofaa, na nafasi isiyofaa iachwe wazi. Neno "itakayofaa" lilizua kazi kubwa kuliko walivyotarajia. Mashimo ya zamani yalikuwa ya mita moja kwa mita moja, yamezungukwa na udongo ulioshindiliwa kuwa mgumu kama sakafu. Makadirio yanayotumiwa na wapangaji wa miti ya mijini ni karibu mita za ujazo 0.6 za udongo laini kwa kila mita ya mraba ya mwavuli unaotarajiwa. Mwavuli wa mita za mraba 113 unadai mita za ujazo kama 68, na shimo la mita moja ya ujazo linatosha mwavuli unaokaribia kulingana na ule mche ulivyotoka kitaluni. Ndiyo sababu mizizi ya ile miti mizee iliinua njia ya miguu. Haikuwa na ukorofi, ilifuata hewa na unyevu vilivyokuwepo chini ya zege, mahali pekee palipobaki. Suluhisho lililokubaliwa ni kuunganisha mashimo kuwa mtaro mrefu wa udongo chini ya njia ya miguu, juu yake zikiwekwa matofali yanayopitisha maji badala ya zege. Ni ghali, na liliwezekana upande wa kusini tu, kwa kuwa kaskazini lipo bomba.

Kuhusu aina za miti, mtaa ulijifunza kutokana na msiba wa wengine. Miji mingi ya Marekani ilipanda miti ya Ulmus (kwa Kiingereza elm) barabara nzima nzima, na kuvu iliyobebwa na mbawakawa wa magome ikaifyeka katika karne ya 20. Sehemu nyingi zikajaza mapengo kwa miti ya Fraxinus (kwa Kiingereza ash), tena mstari kwa mstari, hadi mwaka 2002 alipogunduliwa karibu na Detroit mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya jenasi hiyo, yaani kundi zima la spishi zinazokaribiana. Mtaalamu wa miti Mmarekani Frank Santamour alishapendekeza mwaka 1990 kwamba katika idadi nzima ya miti ya mji, spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja asilimia 20, na familia moja asilimia 30. Kwa mtaa mmoja wenye nafasi chache kanuni hiyo haiwezi kufuatwa kwa herufi, na wakazi walitaka walau mfanano wa kimo na umbo. Walichagua spishi nne za jenasi nne tofauti, zenye umbo linalokaribiana, zikipandwa kwa kupishana.

Siku ya kuondoa miti 10 ya kwanza, mpangilio wa kukata ulibishaniwa kuliko ukataji. Mti uliokulia katikati ya wenzake haujawahi kupigwa na upepo upande wa jirani, na jirani akiondoka ghafla unaachwa na mzigo usiouzoea. Kwa sababu hiyo miti miwili ya kundi la pili, iliyobaki peke yake kati ya mapengo, ilipunguzwa kimo cha mwavuli kwa kupogolewa hadi kwenye matawi ya pembeni yenye unene wa kutosha, wala haikukatwa kichwa. Visiki vilisagwa, unga wake ukaondolewa badala ya kuachwa shimoni, kwa kuwa mbao mbichi zinazooza hula naitrojeni ambayo mche unaihitaji, na miche ikapandwa pembeni kidogo ya mahali pa zamani.

Kati ya miche 10 iliyoletwa, mitatu ilirudishwa kitaluni. Mtaalamu aliivua vyombo vyake mbele ya dereva na kuonyesha mizizi iliyozunguka kama kamba kwenye ndoo, ambayo baada ya miaka ingelikaba shina lenyewe. Iliyobaki ilipandwa kwenye mashimo mapana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi na yasiyozidi kina chake, pale shina linapoanza kupanuka kuelekea mizizi pakiwa usawa wa ardhi. Kuzika shina ni kosa linaloua miche mingi kimyakimya, nalo hufanywa na watu wenye bidii zaidi. Matandazo yaliwekwa kwa umbo la sahani, mbali na gome, na vigingi vikafungwa chini chini ili shina liweze kuyumba na kunenepa.

Kilichobaki ni maji, na hapa mtaa ulikaribia kushindwa. Kila mche ulipewa nyumba ya kuumwagilia kwa misimu mitatu, orodha ikabandikwa, na mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika kiangazi cha pili miche miwili ilikauka. Mmoja ulikuwa mbele ya nyumba iliyohamwa na wapangaji, na hakuna aliyegundua kwamba jina kwenye orodha ni la mtu ambaye hayupo. Wa pili ulikuwa ukimwagiliwa kila siku, kikombe kwa kikombe, kiasi cha kulowanisha matandazo tu, ilhali ulihitaji kumwagiwa ndoo nzima mara moja au mbili kwa wiki, polepole, maji yashuke hadi mizizi ilipo. Aliyeumwagilia alihuzunika sana, na kamati ilikuwa na busara ya kutomlaumu mbele ya watu.

Daftari la miti sasa linakaa kwa mhasibu wa kamati, kila mti ukiwa na namba na mstari wake. Mti namba 17, mbele ya baraza ya yule bibi, umo kwenye kundi la pili: shina zima, mizizi ya upande mmoja imekatwa, kilele kikavu kimepogolewa. Ukaguzi wa mwaka huu uliandika kwamba umetoa machipukizi mapya marefu kuliko ya mwaka jana, na tarehe ya kuondolewa iliyokuwa imeandikwa kwa penseli ikafutwa. Nafasi namba 14, iliyo juu kabisa ya kiungo cha bomba, imeachwa wazi.